Mpiga Ngoma Naye ni Mlawi

Katika video ya kwaya yetu umo uongo, na mimi ni mmoja wa walioulipia. Nilikuwa mtunza hazina wa kwaya ile kwa miaka sita. Msharika atakayesoma haya akadhani nawasengenya wengine ajue kwamba risiti zote zilipita mikononi mwangu.

Tuliondoka Matamba usiku kabla hakujapambazuka. Fedha zilitokana na harambee mbili, na viazi tulivyonadi nje ya kanisa baada ya ibada tangu mavuno. Tukazishuka kona hamsini na saba hadi Chimala, tukashika barabara kuu kwenda Mbeya, sisi tumebanana ndani ya gari na ngoma mbili juu ya keria zimefungwa blanketi. Blanketi lile lilikuwa la mpigaji mwenyewe. Anayeishi huku juu anajua sababu: ukungu wetu hulegeza ngozi, na ngoma iliyolala kwenye baridi asubuhi hulia kama gunia. Ndiyo maana mpiga ngoma wetu hufika kanisani kabla ya mwinjilisti. Huwasha moto nyuma ya jengo, akaigeuza ngoma taratibu kama mtu anayechoma hindi, huku akiigonga kwa kidole na kusikiliza, mpaka iseme anavyotaka. Siku ile aliifanya kazi hiyo saa tisa usiku.

Tulipofika studio, fundi mitambo alitupokea vizuri. Kijana mpole, sina neno naye. Aliziangalia zile ngoma akauliza, "Hizo za nini? Zote zimo humu." Akabonyeza kinanda, na kweli, zikalia ngoma nyingi kuliko zetu. Mwalimu wa kwaya akanitazama. Mimi nikatazama saa, kwa sababu tulilipia kwa siku. Hakuna aliyetoka nje kumweleza ndugu yetu lolote. Alikaa kwenye benchi tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ngoma zake zikiwa miguuni. Mchana tulimpelekea chipsi.

Haya ya studio ningeweza kuyanyamazia. Baada ya mwezi mmoja tulikwenda Kitulo kupiga picha za video, kule kwenye maua, mahali wenyewe tunapopaita Bustani ya Mungu. Mpiga picha akauliza kama hatuna ngoma, maana zinapendeza kwenye video. Basi tukamvalisha ndugu yetu sare, tukamweka mbele, tukamwambia apige. Akapiga. Video ile mnayo kwenye simu zenu. Mikono yake inapiga kitu kimoja, masikio yanasikia kingine, kwa sababu sauti ni ya mashine. Tulimtoa kwenye sauti, tukambakiza kwenye picha kama pambo. Aliyegundua kwanza hakuwa mzee wa kanisa, alikuwa mtoto wa shule ya Jumapili. Watoto hujifunza ngoma kwa kumtazama mikono, na mtoto yule aliuliza kwa nini mikono ya baba mpiga ngoma haifuati wimbo.

Nasema wazi: tulikosa, na kosa letu si la ufundi. Ni la imani, maana lilionyesha ni nani tunayemhesabu kuwa mtumishi wa Mungu na ni nani tunayemhesabu kuwa mbeba mizigo.

Fungueni Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 15 na ya 16. Daudi analileta Sanduku la Agano Yerusalemu. Anawaagiza wakuu wa Walawi wawapange ndugu zao waimbaji na wapigaji, na kati ya wanaotajwa kwa majina yuko Asafu. Wengi wetu tunamjua Asafu kwa Zaburi kumi na mbili zenye jina lake, ile ya 50 na zile za 73 hadi 83, kwa hiyo tunamfikiria mtunzi aliyekaa na kalamu. Someni tena aya ya 19 ya sura ya 15 na aya ya 5 ya sura ya 16. Wengine wana vinanda na vinubi. Asafu amepewa matoazi ya shaba. Mkuu wa waimbaji mbele ya Sanduku, mtu ambaye Biblia baadaye inamwita mwonaji, alikuwa mpigaji wa vyombo vya kugonga. Kama angezaliwa Matamba tungemkalisha kwenye benchi.

Wala hakuishia kupiga. Sura ya 25 inawaonyesha wana wa Asafu wakiwa chini ya mkono wake, na pamoja nao wana wa Hemani na wa Yeduthuni. Jumla yao wote, stadi waliokwisha kufundishwa nyimbo za Bwana, ni watu 288. Wanapiga kura za zamu, mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi yumo kwenye zamu! Hiyo ni shule. Ile kazi haikuachiwa yeyote aliyejaliwa mikono myepesi. Ilifundishwa, na wanaofundishwa walihesabiwa. Sasa ruka zaidi ya miaka mia nne, Yerusalemu umeshabomolewa, watu wamekaa Babeli, wameruhusiwa kurudi. Ezra anaorodhesha waliorudi, na katika sura ya 2 waimbaji, wana wa Asafu, ni 128. Sura ya 3, msingi wa hekalu unapowekwa, wanasimama na matoazi. Kazi ya mzee mmoja mpiga matoazi ilivuka uhamisho wote ikafika upande wa pili, kwa sababu alifundisha.

Ningependa kujua ni nani katika usharika wetu anafundisha ngoma leo, na kwa saa ngapi kwa wiki. Jibu ninalo: hakuna. Mpigaji wetu alijifunza kwa marehemu aliyemtangulia, kwa kukaa karibu naye. Hatukutoa hata shilingi wala hatukumpa chumba.

Nimetaja Biblia, sasa nitaje nchi yetu. Wenye umri wangu tulikua na redio ya betri iliyofungwa mpira, na taarifa ya habari ya Redio Tanzania ilitanguliwa na ngoma. Ile ngoma ikilia, mzee wa nyumba aliinua mkono na watoto wakanyamaza. Aliyekuwa akiipiga ni Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa haoni. Alipangiwa ngoma nyingi kumzunguka, akazipiga peke yake kama kundi zima. Fikirini: mtu asiyeona ndiye aliyeliita taifa likae kusikiliza, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Nami nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipolijua jina lake. Miaka yote niliisikia mikono yake nikadhani ni redio.

Wa pili ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma mkoani Dodoma. Yeye alijulikana zaidi kwa ilimba na zeze, lakini alitoka katika muziki ambao mapigo ndiyo uti wake wa mgongo. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Mzee huyu aliingia studio za Real World kule Uingereza akarekodi. Albamu ya Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, ilitoka mwaka 2002, na yeye akafariki Desemba 2003. Ninachotaka mkione ni hiki: studio ya Uingereza, yenye mashine kuliko zote za Mbeya zikikusanywa pamoja, haikumwambia Zawose akae kwenye benchi. Ilitaka vidole vyake hasa. Na Bagamoyo aliacha wanafunzi, na nyumbani aliacha ukoo unaopiga hadi leo, wakiwemo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, ambao wanaimba kama Zawose Queens. (Kwa Wagogo ngoma za muheme hupigwa na wanawake. Nalitaja kwa ajili ya wale wazee wanaowafukuza wasichana wetu kwenye ngoma kana kwamba ni amri ya Mungu.)

Sasa nizijibu hoja ninazozisikia, maana nimezungumza haya barazani na sikupigiwa makofi.

Wapo wanaosema ngoma ni ya mizimu na pombe. Hii imechoka. Injili ilifika Bulongwa na Wamisioni wa Berlin mwaka 1895, na ni kweli wazee wetu, Wawanji kwa Wakinga, walikuja kuamini kwamba mtu akibatizwa ngoma inabaki nje ya mlango. Lakini kinanda mnachokiita cha kiroho, kile kile kwa jina na kwa rangi, Jumamosi usiku kinapigwa baa za mjini, wala sijasikia mtu akikikemea pepo. Halafu huko Ujerumani kwenyewe wanaimba wimbo wetu wa Pasaka, ule wa "Mfurahini, Haleluya" wa Bernard Kyamanywa, wenye sauti ya Kihaya. Umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi duniani. Wajukuu wa waliotuletea habari njema wanatamani mapigo yetu, sisi tunanunua ya dukani.

Wengine husema mashine haikosei. Hapa nitakuwa mkweli: wana haki nusu. Mpigaji wetu wimbo ukichangamka hukimbia. Studio inataka mtu anayeweza kuvaa visikilizio, akasikia mdundo wa saa masikioni, akaushika dakika tano bila kuusukuma wala kuuchelewesha, kisha akarudia mara nane vile vile bila kununa. Huo ni ufundi na una shule yake. Fundi mitambo angeniambia, "Mpigaji wenu hajui kufanya kazi ya studio," ningekubali. Ila mtu hajui asichofundishwa. Mwalimu wa kwaya tulimpeleka semina mara tatu. Mpiga kinanda tulimlipia miezi miwili ya mafunzo mjini, na kinanda chenyewe tukakinunua. Sare tunazo seti nne, nyingine hatujaivaa zaidi ya mara mbili. Ngoma kubwa ina kiraka. Kanisa letu si maskini wa mahali pa kujifunzia: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, cha KKKT, kinafundisha shahada ya muziki, na Bagamoyo wanatoa vyeti na stashahada za sanaa za jukwaani. Hata hivyo simwombi mtu aende mpaka Usa River. Naomba mwalimu mmoja aje kwetu wiki mbili wakati wa kiangazi, shughuli za viazi zikiwa zimepungua.

Sikatai kinanda. Mtaa mdogo wenye watu kumi na tano na hauna mpigaji, utumie mashine na Mungu apokee. Ninachokataa ni mashine kuwekwa juu ya mtu aliye hai, aliyepo, aliyesafiri na ngoma yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikasirisha, kwa sababu imevaa joho. Inasema: utumishi ni kujitolea, anayemtumikia Mungu asidai malipo. Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeandika vitabu vya hesabu. Mpiga kinanda wetu hupewa posho kila mwezi, na sawa, anastahili. Fundi mitambo alilipwa taslimu kabla hajagusa kitu. Dereva alilipwa. Mpiga picha alilipwa, tena aliongeza bei tulipofika Kitulo. Mwalimu mgeni hupewa bahasha. Katika safari nzima neno "kujitolea" lilimwangukia mtu mmoja, yule anayebeba mbao siku za kazi na kukausha ngozi Jumapili alfajiri. Kama kujitolea ni kwema hivyo, mbona hatukugawana?

Biblia nayo haituungi mkono. Mambo ya Nyakati wa Kwanza 9:33 inasema waimbaji walikaa katika vyumba vya hekalu, wamefunguliwa kazi nyingine, maana kazi yao iliwashika mchana na usiku. Nehemia 12 inakumbusha kwamba katika siku za Zerubabeli na za Nehemia Israeli wote walitoa sehemu za waimbaji, kila siku sehemu yake. Na sura ya 13 inaeleza lililotokea sehemu zile zilipokoma: Walawi na waimbaji walikimbia, kila mtu shambani kwake. Nehemia hakuwakemea waliokimbia. Aliwagombeza wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Aya ya 10 na ya 11, msinisomee nyingine.

Vijana wetu nao wamekimbilia mashambani na mjini. Wawili waliokuwa wakimsaidia mpigaji wetu wako Makambako, wanapakia magunia. Mmoja ana mikono kuliko hata huyu mkubwa. Tunawaombea kila Jumapili warudi wamtumikie Bwana. Warudi kufanya nini? Kukaa kwenye benchi?

Kuna na jambo la jina. Kwenye kasha la albamu tuliandika mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda, studio, mchungaji, mwenyekiti, na mtunza hazina, yaani mimi, ambaye siimbi vizuri na kila mtu anajua. Mpiga ngoma hayumo. Mtu ataniambia jina ni majivuno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haioni hivyo. Inamtambua si mtunzi peke yake bali na anayeimba na anayepiga. Serikali imeliona hilo wakati sisi tunaosoma orodha ndefu za Walawi, jina kwa jina, mpaka mabawabu, hatujaliona. Mwandishi wa Nyakati hakuchoka kuandika mabawabu. Sisi tulichoka kuandika mstari mmoja.

Kwenye mkutano wa usharika nimeomba bajeti ya mwaka ujao iwe na fungu la ngoma: ngozi mpya, mwalimu wa wiki mbili, na posho ya mpigaji sawa na ya mpiga kinanda. Nimeambiwa nipunguze kwingine. Nimependekeza sare ya tano isinunuliwe. Akina mama wa kwaya hawajanisamehe bado, na mke wangu ni mmoja wao.

Nilimwendea ndugu yetu Jumapili iliyopita, nikiwa na kuni, akiwa kwenye moto wake nyuma ya kanisa. Nilimwomba radhi kwa ile siku ya Mbeya. Hakusema mengi, alisema benchi lile lilikuwa na kivuli. Nikamwambia tutatoa toleo jipya la kasha na nataka aandike mwenyewe jina lake, nisije nikakosea herufi. Akaifuta mikono majivu, akachukua kalamu, akaandika jina la marehemu aliyemfundisha. Chini yake akaandika la kwake.